Hakuna Gazeti la Garissa

12 Oktoba

Tangu asubuhi sijasema neno la Kiswahili ila "ahsante" na "imetosha". Ndipo nikamwambia Abdijabar aniletee daftari. Nitaandika, maana nisipoandika nitasahau kusema, na mie Batuli, mtoto wa Kuze, Mombasa, sikuumbwa bubu.

Mume wangu Alio alifariki mwanzo wa mwezi wa tisa. Tangu hapo niko eda, humu ndani mwetu mtaa wa Waberi, Garissa: nguo nyeupe, marashi hakuna, wanja hakuna, mlangoni sitoki mpaka itimu miezi minne na siku kumi. Hiyo ni katikati ya Januari. Abdijabar ni mwana wa Alio kwa mkewe wa kwanza, aliyefariki zamani. Alikuja kwetu kutoka Wajir akiwa kijana wa ndevu, kwa hiyo siwezi kusema nimemlea. Mkewe ni Ugbad. Ugbad ana Kiswahili cha sokoni, mie nina Kisomali cha kuombea chumvi. Basi twachekeana, twapishana.

Mazungumzo yangu yalikuwa Alio. Kila siku baada ya magharibi alifungua sanduku lake la bati, akatoa gazeti moja, akanisomea. Kusoma hajui, Mungu amrehemu, wala lugha za magazeti yale hazijui. Lakini alinisomea miaka thelathini na mie nikamsikiliza.

Sasa magharibi yameingia na sanduku limefungwa. Natazama ukuta.

13 Oktoba

Joto. Mvua hakuna. Korongo watatu wamekaa juu ya mnara wa simu, hawana kazi kama mie.

17 Oktoba

Niliandike hili sanduku, nisije nami nikafa mtu akadhani ni takataka.

Alio alikuwa baharia wa meli za mizigo, zile kubwa za chuma. Katika kila bandari alinunua gazeti moja tu, na sharti liwe kongwe. La Valparaiso, huko Chile, lilianza mwaka 1827. La Sydney, 1831. La Bombay, 1838. La Cape Town, 1857. La Genoa, 1886, ambalo jina lake lenyewe ni "Karne ya Kumi na Tisa". Na la Misri la 1875, la Kiarabu, alilolinunua Port Said, nakala sita kwa sababu huko alipita mara nyingi. Miaka hiyo ya kuanza aliiuliza kwa wauzaji, akaishika kichwani kama wenzake walivyoshika majina ya ngamia wao.

Kisa chake alinieleza kabla hajanioa. Alikuwa akirudi nyumbani, akasimamishwa kizuizini pale daraja la Mto Tana, kama anavyosimamishwa kila mtu wa huku. Akaulizwa, miaka miwili ulikuwa wapi? Akasema baharini. Askari akacheka mpaka akashika mbavu: mtu wa Garissa baharini! Vitambulisho vilikuwa vimelowa safarini, havisomeki. Alichokuwa nacho ni bilauri aliyomletea mamake, imefungwa kwa gazeti la Sydney. Askari akalikunjua, akasoma tarehe, akasoma mji, akamwambia pita mzee. Na wakati huo hata mvi hakuwa nayo.

Tangu hapo hakuondoka bandarini bila gazeti. Nikamuuliza, kongwe la nini? Akasema gazeti lililoanza jana mtu aweza kulikataa, lakini lililokuwako kabla babu yangu hajazaliwa, nani atabishana nalo? Nikamcheka. Nikamwambia, huyo askari wa darajani ajuaje la Chile lilianza lini? Akanijibu, "Yeye hajui, Batuli. Lakini mimi sitatetemeka nikimwambia."

Nililolipenda zaidi ni hilo la Chile. Mbele lina picha ya bwana mwenye kofia, amesimama gatini. Alio alisema huyo ni meya, na amenuna kwa sababu mchinjaji amemgomea nyama mpaka alipe deni. Kila alipolisoma mchinjaji alimshinda meya kwa ujanja mwingine. Miaka thelathini, na meya hajaionja nyama bado.

Akimaliza hulikunja na kusema, "Sasa hivi, Batuli, kule wanalichapa la kesho." Leo nimeliwaza neno hilo nikaumia. Ni kweli wanalichapa. Alio hayuko na wao wanachapa tu.

20 Oktoba

Ijumaa. Walikuja wanawake wa jirani, wakasoma dua, wakanywa chai, wakazungumza Kisomali kwa saa nzima. Nilitingisha kichwa kila walipotingisha wao.

25 Oktoba

Abdijabar ameingia leo baada ya asri, ameketi karibu na mlango, akakohoa. Nikajua kuna jambo.

"Mama," akasema, "eda ikiisha, mimi mwenyewe nitakupeleka Mombasa. Nimeshazungumza na mjomba."

Mjomba ni ndugu yangu mdogo, Shee, ambaye ana vyumba viwili na watu wanane.

"Nani amesema nataka kwenda Mombasa?" Hivyo ndivyo nilivyotaka kusema. Nililosema ni, "Haya."

"Baba aliusia," akasema. "Alisema wewe umemfuata huku kutoka baharini, tusikufunge. Alisema siku moja hujawahi kupumzika kuitaja Mombasa."

Alipotoka nikalia, nikaumwa na kichwa. Ndiyo, nimeitaja Mombasa. Nimelilaumu joto la huku, nimelaumu vumbi, nimelaumu nazi iliyokauka, maji ya mikokoteni ya punda, mbu, na chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Miaka thelathini nalaumu. Mtu hulaumu kwake! Ningekuwa mgeni ningesema kila kitu kizuri, nashukuru. Alio, ya nini kunisikia kila neno siku zote hizo halafu lile moja usilielewe?

Kule Kuze sina wa kumgongea mlango. Wote niliokuwa nikicheza nao wamekufa au wako Oman. Huku nina kaburi la mume wangu, na chumba hiki. Sasa chumba hiki nimehesabiwa siku za kukaa.

29 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bati lilipiga kelele nikafurahi, ilikuwa kama nyumba ina watu.

3 Novemba

Nimemkuta Ugbad chumbani mwetu, changu na Alio, ana kamba mkononi, anapima ukuta. Aliponiona aliikunja kamba haraka.

"Bole, eeddo," akasema. Eeddo kwao ni shangazi, ndivyo anavyoniita, na p mdomoni mwake huwa b. "Nabima kidogo tu."

Kidogo tu! Maji hayajamkauka mkweo kaburini nawe wapima chumba. Ana biashara yake ya dirac, yale magauni mapana ya Kisomali, na mashuka, anauzia pale sebuleni, na nimeshamsikia akisema hapatoshi. Basi ajue nimemjua.

Baada ya magharibi nimefungua sanduku mwenyewe, nimechukua la Genoa, nikajaribu kulisoma kama Alio. Nikaanza, "Hapa wasema..." Sauti yangu ikanitisha. Sikuweza kumaliza sentensi. Nimelirudisha. Na lile la Chile nimelitia chini kabisa, chini ya yote, nisilione.

8 Novemba

Mvua.

9 Novemba

Mvua. Chumvi imekuwa maji.

11 Novemba

Mvua. Mtaro wa barabarani umejaa, vyura wameingia chooni. Shee amepiga simu kuuliza kama nina kitanda changu au watafute.

19 Novemba

Barabara imekatika. Tana imetoka kingoni, kati ya hapa na Madogo, ng'ambo ya mto, ni ziwa, watu wavushwa kwa boti. Mabasi hayaji, na kwa hivyo magazeti ya Nairobi hayaji. Abdijabar asema kule hotelini wazee wanabishana juu ya gazeti la wiki iliyopita, wamelisoma mpaka matangazo ya mnada, na bado mtu anagonga meza. Nimecheka peke yangu. Alio angekuwa katikati yao, na gazeti amelishika juu chini.

Kesho Abdijabar ataenda Madogo kuangalia lori lake la vitunguu lililokwama.

21 Novemba

Amekwama na yeye. Mimi na Ugbad tu.

23 Novemba

Hili nitaliandika usiku huu huu.

Mvua ilianza adhuhuri. Mtaro ulipofurika maji yakaja uani, halafu yakapita chini ya mlango, mekundu, na vijiti na sandali ya mtu. Chumba cha Alio kiko nyuma na sakafu yake iko chini. Nikampigia Ugbad kelele, "Sanduku! Wewe shika sanduku, mie nashika godoro na mchele!" Akaitikia, "Haa, eeddo, haa," akakimbia. Nikamwona anapita na mzigo kichwani, umefungwa kwa shuka safi. Moyo ukatulia. Nikahangaika na gunia la mchele na godoro mpaka kiuno kikasema basi.

Nilipoingia chumba cha nyuma maji yalikuwa yanifika nusu ya muundi. Sanduku liko palepale sakafuni. Kifuniko wazi. La Sydney lilikuwa limejikunjua juu ya maji. La Bombay limekuwa uji.

"Ugbad! Umechukua nini?"

Akanionyesha. Juu ya kabati, kando ya Msahafu, nakala sita za gazeti la Misri, zimefungwa kwa shuka jipya la biashara yake, bado lina karatasi ya bei.

"Ile kitabu ya Mungu imeenda juu kwanza," akasema, anahema. "Sasa hii ya binadamu narudi nachukua."

"Kitabu cha Mungu!" nikapiga ukelele. "Hilo ni gazeti, Ugbad! Gazeti! Lina mpira, lina matangazo ya sabuni!"

Akanitazama kama nimekufuru. "Iko Kiarabu. Iko jina ya Allah ndani."

Na nilipokuwa mdogo nami nilikatazwa kufungia mahamri kwa karatasi yoyote yenye Kiarabu, na ni kweli, kila Abdallah aliyefunga bao ana jina la Mola ndani ya jina lake. Lakini nilikuwa nimepiga magoti majini, natafuta la Chile chini kabisa nilikolitia kwa mkono wangu. Likatoka kwa vipande. Kofia ya meya ilibaki kidoleni mwangu.

Nikamwambia neno ambalo si la kumwambia mtu. Nikamwambia, "Haya, chukua chumba basi! Si ndicho ulichokuwa ukikipima? Ningoje nitoke, kwani najikalisha?"

Sijui alielewa maneno. Sura alielewa. Alichukua lile sanduku, lote na maji yake, akalibeba mwenyewe mpaka sebuleni, halafu akaenda jikoni. Nimesikia analia. Nami nimelia huku. Nyumba nzima wanawake wawili na maji.

24 Novemba

Hatusemezani.

26 Novemba

Maji yameondoka, yameacha tope na harufu. Bado hatusemezani. Ameniletea anjera, ule mkate wa maji wa Kisomali, na chai, ameweka, ameondoka. Nimekula kwa hasira na ilikuwa tamu.

2 Desemba

Asubuhi nimeamka nikakuta kamba zimefungwa sebuleni kutoka dirisha hadi dirisha, zile anazotundikia dirac za kuuza. Dirac ziko kwenye gunia. Kwenye kamba ni magazeti ya Alio, karatasi moja moja, kwa vibanio vya nguo. Na Ugbad ameketi sakafuni, ana pasi, ametandika kanga juu ya la Cape Town, analinyoosha polepole. Yaliyokufa yamekufa. Lakini Sydney imepona nusu, Genoa imepona, Cape Town imepona. Vipande vya Chile alivipanga juu ya sinia, na kofia ameiweka mahali pake.

Nikasema, "Utajiunguza."

Hakuinua kichwa. Akauliza, "Eeddo, huyu mtu ya kofia. Alikula nyama?"

"Nani kakwambia habari ya nyama?"

"Mimi nasikia jikoni. Kila siku mzee nasoma, mimi nabika, nasikia. Kiswahili yangu ni ya mzee." Akapitisha pasi. "Siku ile alipelekwa hosbitali alikuwa hajamaliza. Mchinjaji alijificha ndani ya pipa. Halafu?"

Jamani. Miaka yote ile, mie nilidhani tuko wawili.

Nikaketi. Nikamwambia mchinjaji aliviringishwa na lile pipa mpaka ofisini kwa meya, na meya akafikiri ni pipa la mafuta akalitia muhuri. Ugbad akacheka mpaka ikabidi aisimamishe pasi. Sauti yangu haikunitisha.

5 Desemba

Abdijabar amerudi kwa boti, amekonda, hana vitunguu, ana mbao. Mbao ndefu nne. Nikamuuliza za nini.

"Za kichaga, mama. Rafu ya kuweka sanduku la baba juu, lisipate maji. Ugbad alipima tangu mwezi uliopita, seremala akawa hana mbao, zilikuwa zimekwama ng'ambo."

Nilikwenda jikoni. Nilitaka kumwomba radhi kwa Kisomali na nikalikosa neno, nikamshika tu mkono, ule wenye unga. Akasema, "Haya eeddo, haya, anjera naungua."

14 Desemba

Jua. Mbu.

22 Desemba

Abdijabar asema barabara imetengenezwa, mabasi yanapita. Ameniuliza kama tarehe kumi na saba Januari ni sawa. Akaniuliza kwa adabu, macho chini. Nami kwa kiburi changu nikasema sawa. Nimeshindwa kumwambia mtoto wa watu nataka kukaa kwake. Akikataa je? Na akikubali kwa kunihurumia?

Shee amepata kitanda.

1 Januari

Nimesoma la Genoa baada ya magharibi. Ugbad alileta kigoda, akaketi kabisa.

9 Januari

Nimefunga nguo zangu. Ni chache. Ugbad alipita akaliona sanduku la nguo, na leo chai haikuwa na sukari.

16 Januari

Eda imekwisha. Nimeoga kwa mdalasini na karafuu, nimevaa rangi, na Ugbad amenifukiza uunsi, ule udi wao, mpaka nikakohoa. Halafu nikamwambia anisindikize, nataka kununua gazeti.

Jua lilinipiga usoni. Watu, punda, pikipiki, kelele, vumbi limesharudi kama halijawahi kulowa. Watu niliokuwa nikidhani hawanijui wakasimama barabarani: "Batuli! Batuli Alio!" Mama muuza maziwa akanishika mabega akanisomea dua nzima. Nilikaza macho nisilie.

Muuzaji wa magazeti yuko karibu na stendi. Basi la Nairobi lilikuwa limefika ndio kwanza, anafungua mafurushi.

"Nipe lililo kongwe," nikamwambia.

"Mama, yote ni ya leo."

"Lililoanza zamani, baba!"

Akanipa lile lililoanzia kwetu Mombasa mwaka 1902. Limeikosa ile karne ya Alio kwa kidogo tu. Nikasema litafaa.

Nyumbani chakula kilikuwa tayari, mchele na nyama ya ngamia. Abdijabar alikuwa ameshafika, na tiketi iko mfukoni mwa shati, naiona. Nikalifungua sanduku la nguo nikalitia gazeti juu ya nguo.

Ugbad akauliza, "Hiyo ya nini, eeddo?"

"Ya ushahidi. Kama alivyofanya mzee. Nikiulizwa Mombasa miaka yote hii nilikuwa wapi, niwaonyeshe. Limenunuliwa Garissa, na tarehe hiyo hapo."

Akaweka jagi la maji chini. "Mzee hakuweka gazeti ya Garissa."

"Eti nini?"

"Hata moja. Mimi nimekausha yote. Chile iko, Misri iko. Garissa hakuna. Hata Mombasa hakuna. Nilimuuliza zamani. Akasema, gazeti ni ya mahali ya watu. Nyumbani hakuna mtu nakuuliza ulikuwa wabi." Halafu akamgeukia mumewe, akasema Kisomali, haraka na kwa ukali, na Kisomali changu cha kuombea chumvi kikatosha kusikia "hooyo", mama, mara tatu.

Abdijabar akanitazama. "Mama," akasema. "Hutaki kwenda?"

Nikamjibu kwa sauti iliyopanda mno. "Kwani mmewahi kuniuliza? Mliambiwa nalalamika, mkasema nataka kwenda! Mie nalalamika kwangu, nitalalamika wapi kwingine?" Na hapo machozi yakanishinda mbele ya watoto.

Abdijabar aliinamisha kichwa. "Tulidhani tunakuheshimu," akasema. Akatoa tiketi mfukoni, akaizungusha vidoleni, hajui pa kuiweka.

Nilirudi kwenye sanduku, nikalichukua gazeti, nikalikunjua, nikalitandika juu ya mkeka mahali pa sinia. Ugbad akainama akalichungulia kurasa zote mbili, akahakikisha Kiarabu hakuna, ndipo akaweka sinia juu yake. Tukala. Nyama ilikuwa na chumvi nyingi, na nikalalamika.

17 Januari

Basi la Mombasa limepiga honi alfajiri nikiwa nawasha jiko la chai. Gazeti la jana lilikuwa na mafuta, likashika moto mara moja.